Siku Mama Mkwe Alipokabidhi Sarafu

Kazini wanamwita Kitufe, maana anaweza kubishana nusu siku kuhusu kitufe kimoja, kikae juu au chini, na asichoke. Anaandika programu ya simu, pochi ya kuwekea sarafu za mtandaoni. Na ana mdomo, jamani! Ukimsalimia tu umekwisha, chai yako itapoa.

Ndiyo maana alijitungia sharti. Kitu kipya kikikamilika, humpa mtu wa kawaida simu, kisha yeye hujaza maji mdomoni na kukaa pembeni, mtu ahangaike mwenyewe. Maji yakimtoka kabla mtu hajamaliza, kazi haijaiva. Bosi alicheka mpaka akazoea.

Safari hii kitu kipya kilikuwa kukabidhi. Mwenye sarafu anachagua mthibitishaji, mmoja wa wale wanaohakiki malipo mtandaoni, anamkabidhi uzito wa sarafu zake kama dhamana ya kazi yake, na yule akipata ujira anamkatia naye kidogo. Sarafu zenyewe haziendi popote, ila zinafungwa mpaka mwenyewe aseme basi. Bosi alishawatangazia wateja kwamba huduma hiyo inatoka kesho yake.

Kitufe akaenda kwa mama mkwe wake, mshona sare za shule, akamkuta kati ya vitambaa vya buluu. Mama huyu haamini mtu kirahisi. Mwanzoni mwa ndoa alikagua hata chumvi ya mkamwana wake huyu. Kuweka akiba yake kwenye pochi ya Kitufe lilikuwa jambo la kwanza kabisa kumwamini nalo, na Kitufe alilibeba kama yai.

"Shikamoo mama. Leo nataka unijaribie kitu."

"Marahaba. Umekuja na maji yako?"

"Ninayo."

"Afadhali, masikio yangu yapumzike."

Kitufe akajaza mdomo. Mama akavaa miwani, akaanza kupekua wathibitishaji kwa sauti. "Huyu anajiita Simba wa Chuma. Mtu mwenye akili zake hajiiti hivyo. Huyu anajibakizia ujira kidogo mno, ana njama gani? Haya, huyu hana makuu, anaonekana mtu wa familia." Kitufe nusura apaliwe kwa kicheko. Mama akabonyeza "zote", akaweka namba ya siri, alama ya kijani ikatokea. Safi kabisa! Kisha akarudi ukurasa wa kwanza.

Salio: sifuri.

Mama hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena, akatazama. Halafu akairudisha simu taratibu.

"Haya mwanangu, nimemaliza. Ni nzuri."

Akachukua sindano kutia uzi. Kitufe akaitupia simu jicho, na maji yote yakamtoka puu, yakalowesha sare ya mtoto wa watu.

"Mama! Zipo! Hazijaenda popote!"

Akafungua ukurasa wa pili, na sarafu zilikuwepo, zote. Miezi yote Kitufe na wenzake walijaribu kwa sarafu za mazoezi, wakikabidhi kidogo kidogo. Kwao salio ni kile unachoweza kutumia sasa hivi. Kilichokabidhiwa kina ukurasa wake. Kwa fundi wa programu hiyo ni hesabu safi, wala hakuna aliyeshtuka.

Mama alishusha pumzi ndefu. "Ama kweli utaniua wewe! Na hiyo sare utaifua mwenyewe!"

Kitufe akampigia bosi palepale. "Kesho haitoki. Salio lazima lionyeshe kila kitu, kilichokabidhiwa kikiwemo."

"Wateja wanasubiri!"

"Wasubiri."

Bosi akafoka, akapoa, akauliza itachukua muda gani. Kitufe akakata simu akicheka, roho imetulia, akageuka kwa mama mkwe.

"Lakini mama, mbona hukuniuliza? Ulisema ni nzuri!"

Mama alikuwa anakung'uta maji kwenye kola. "Nikuulize nini? Wewe ni mke wa mwanangu. Ningenyamaza. Ungekuja hapa, ungeniamkia, ningeitika, ningekupakulia ule. Ila nisingekuamini tena mpaka naingia kaburini, na wewe usingejua kwa nini."