Makofi ya Mzee Ruhaga

Aibu yangu mnaijua nusunusu, maana watu wa Kibondo hawaishiwi maneno, basi niacheni niwape yote mwenyewe, na atakayecheka acheke, ila sikukosea peke yangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya uuguzi (mtoto wa mkulima wa maharage wa Kasulu, niliyesoma kwa kibatari, wangapi hapo mnaweza kusema hivyo?), nikakabidhiwa wodi ya wanaume. Humo alilazwa Mzee Ruhaga, aliyekatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko baada ya kidonda kuoza. Nilimfundisha kutumia wa kushoto: kula, kufunga vifungo, hata kushika jembe. Shukrani yake? Kila asubuhi swali lilelile: "Sista, wakwe wa binti yangu wakija nitawasalimiaje?" Sisi Waha salamu ya heshima ni makofi, na mzee aliona bila makofi uchumba wa binti utavunjika, kwa hiyo nyumbani harudi.

"Mzee, salamu si matibabu," nilimjibu.

Jumapili wakwe wakaja kweli. Mama wa bwana harusi akainama kando ya kitanda, akapiga makofi: "Mwakeye!" Mzee akavuta shuka hadi kidevuni. Mimi, badala ya kuendelea kugawa vidonge vyangu, nikaona niokoe jahazi, nikaukamata mkono wake wa kushoto nikamnyooshea yule mama. Wa kushoto! Mama akaruka nyuma kama aliyemwagiwa uji wa moto. Basi ili kurekebisha nikasimama nyuma ya mzee, nikainama naye shavu kwa shavu, nikapiga makofi kwa niaba yake, pa, pa, pa.

"Kumbe ameoa mwingine humuhumu hospitali!" mama akasema.

Wodi nzima ikaangua kicheko, na jamaa mmoja mwenye plasta mguuni akapiga vigelegele (mwanamume mzima!). Na mke wa mzee ndiyo kwanza anaingia na bakuli la ugali. Akanitazama toka kofia hadi viatu. "Karibu, mke mwenzangu. Kesho tunapalilia."

Na mzee niliyekuwa namtetea? Akatupa shuka, akapiga paja lake kwa kiganja cha kushoto, polepole, mara tatu. "Mwakeye neza." Mama akaitikia, akaketi, wakaanza kupanga harusi kana kwamba mimi sipo. Paja! Siku zote alikuwa nalo! Sasa asingeniambia?

Alipopewa ruhusa aliwashukuru wote, hadi mfagiaji. Kwangu akasema: "Mwanangu, una mikono miwili. Kaa nayo."

Tangu siku hiyo, aliyekatwa mkono namuuliza kwanza yeye anataka kuweza nini, halafu nanyamaza. Na kunyamaza, jamani, hakuna aliyenifundisha chuoni.