Lehemu ya Birika

Kazi yangu ilikuwa shaba: sinia, vyetezo, na zaidi mabirika. Ukiniletea birika lililong'oka mdomo, nilikurudishia siku ileile. Watu wa Lamu walinisifu, nami sifa nilizipenda, sioni haya kusema.

Asubuhi moja ndugu wa mkwe wangu alifika kutoka Faza, viganja vimechubuka kwa kasia. Upepo ulikuwa umekufa, tanga halifai kitu.

"Bwana, mwanao yu katika utungu tangu yana, leo siku ya pili," akaniambia. "Mkunga ameshindwa. Atakiwa tabibu."

Tabibu alikubali mara moja. Lakini maji ya bahari yalishaanza kutoka, na mtumbwi wa mgeni ungengoja yajae tena ndipo upenye kwenye mikoko. Chombo cha kutufikisha upesi, kwa kuzunguka nje, kilikuwa kimoja tu: mashua ya injini ya jirani yangu mfanyabiashara. Nayo ilikuwa mbovu. Bomba lake la moshi lilikatika pale kipande cha shaba kilipoungana na chuma cha injini. Mwenyewe akanionyesha madebe ya petroli karibu na ule mkato.

"Nikiiwasha hivi, cheche zitatuteketeza sote," akasema. "Liunge, fundi, twende."

Nikaliunga nilivyounga midomo ya mabirika maisha yangu yote, kwa lehemu ya bati. Lilishika, likang'aa, hata nikafurahi. Injini ikanguruma, na kabla hatujafungua kamba lehemu ikaanza kutiririka kama samli. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Birika lina maji ndani, na maji ndiyo yanayozuia lehemu isiyeyuke. Bomba lile lilikuwa na moto mtupu.

Nikavukuta upya, safari hii kwa shaba ya manjano, inayostahimili moto. Kwenye shaba ikanasa, kwenye chuma ikateleza. Nikakisugua chuma kwa mchanga, nikakipasha tena mpaka ikashika. Injini ilipopata joto, shaba ikatanuka zaidi kuliko chuma na kiungo kikapasuka palepale. Nikarudia. Kikapasuka. Tabibu alikaa na mkoba wake mapajani, nami nilitamani anitukane. Mikono yangu miwili ilikuwa mizima na haikumfaa mwanangu kitu. Nilikuwa nikilia huku nikivukuta.

Maji yalipojaa tukapanda mtumbwi, tukapiga kasia kwa zamu. Tulifika Faza asubuhi ya pili, tukakutana na wanaume wakitoka makaburini. Mkwe wangu alinishika mkono.

"Ni amri ya Mola," akasema.

Mtoto alikuwa hai, wa kike. Nilikalishwa barazani, nikamiminiwa kahawa. Birika nililijua, maana nililifua mwenyewe kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Nikapitisha kidole pale nilipouunga mdomo wake. Palikuwa imara, hapavuji hata tone.