Injini Haiombi Mvua

Mwanangu wa kike sikumwosha kwa maji. Nilimpaka mchanga. Dini inaruhusu: maji yakikosekana, maiti anatayamamishwa. Unapiga viganja kwenye udongo safi, unampangusa uso, unampangusa mikono, basi. Mama mkwe wangu, ambaye wakubwa kwa watoto tulimwita ayeeyo, yaani bibi, alikuwa amepiga magoti kando yangu akinielekeza, maana mchanga ulikuwa unanimwagika kabla haujamfikia mtoto.

"Piga tena," alisema. "Polepole. Usiuingize machoni mwake."

Macho ya maiti. Mpaka leo naisikia sauti ile ikiogopa mchanga usiingie machoni mwa maiti.

Na pale tulipokuwa, ukiinua kichwa unaona kisima. Tangi la chuma juu ya miguu yake mirefu, mahori ya saruji ya kunyweshea mifugo, kibanda cha injini chenye mlango wa bati. Kisima cha serikali, kati ya Wajir na Garissa. Chini yake maji yalikuwepo siku ile, na mpaka leo yapo.

Majina sitaandika. Si kwamba nawaogopa. Kwetu ukitaja jina la mtu umetaja ukoo wake, na ukoo utachukua bunduki, na watakaokufa ni wachunga mbuzi ambao hawakuiba hata sindano. Lakini vyeo nitavitaja, na wenyewe watajijua. Diwani wetu. Afisa wa maji wa wilaya. Na shemeji yake diwani, mwenye shamba la vitunguu na matikiti ukingoni mwa Tana, pale Garissa. Mimi shule sikwenda. Kusoma nilijifunzia gumbaru nikiwa mtu mzima, na Kiswahili nimekiokota sokoni nikiuza maziwa. Kwa hiyo nisipopanga maneno vizuri, vumilieni.

Sisi tulikuwa watu wa kuhama. Nyumba yetu ilikuwa miti iliyopindwa na mikeka, na kuibomoa na kuipakia juu ya ngamia ilikuwa kazi ya mwanamke. Lakini hatukuhama ovyo. Kwanza alitumwa mtu wa sahan, anayetangulia kutazama mvua imenyesha wapi, majani yakoje, kama kuna maradhi au maadui. Akirudi anapewa maziwa kwanza, habari baadaye. Wazee wanasoma Fatiha, ndipo tunapakia. Na mtu akisema "kesho tutalala mahali fulani" bila kutia inshallah, ayeeyo alikuwa anakaa juu ya mzigo wake na hainuki mpaka mtu huyo alitie. Anatafuna tumbaku yake tu, anangoja. Tulimcheka, lakini tulilitia. Si kwamba tulikuwa watu wema kushinda wengine. Tulijua tu kwamba hatujui.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kisima kikachimbwa. Siku ya kukifungua, diwani alikuja na afisa wa maji katika gari la serikali. Injini ikawashwa, maji yakaruka, mbuzi wakakimbia kwa woga halafu wakarudi kwa kiu. Diwani akapanda juu ya hori.

"Mmeona?" akasema. "Babu zenu walikuwa wakitazama mawingu mpaka shingo zinapinda. Injini hii haiombi mvua!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ayeeyo akasema kutoka upande wa wanawake, kwa ile sauti yake ya kuitia mifugo, "Haiombi mvua, lakini inaomba dizeli."

"Ayeeyo, dizeli niachie mimi. Hiyo ni kazi yangu."

"Na wewe ni kazi ya nani?"

Watu wakacheka tena, hata afisa wa maji akacheka. Diwani akajifuta jasho, akasema bibi huyu anafaa kuwa mbunge. Halafu akatuambia tukae. Tusihangaike tena. Tujenge nyumba za mabati, tupeleke watoto shule, tuuze ngamia wa mizigo, kwa sababu mtu asiyehama ana mizigo gani? Injini ndiyo ngamia wenu sasa, alisema.

Ngamia wa mizigo wakauzwa. Sisi, majirani, karibu kijiji chote. Mume wangu aliwaswaga wa kwetu mpaka soko la mifugo la Garissa, akarudi na mabati na redio. Sisemi sikufurahi, mgongo wangu ulikuwa umechoka kupakia. Jirani mmoja tu alikataa kuuza, na wanaume walikuwa wakimtania kila akipita: "Wewe, bado unalala na ngamia? Mkeo anasemaje?" Na mtu wa sahan hakutumwa tena. Kwa nini umtume? Maji yalikuwa pale pale, asubuhi unasikia injini inanguruma, unajua dunia iko salama. Sasa mtu akisema "kesho" alisema kesho tu, na ayeeyo alikuwa hana mzigo wa kukalia.

Halafu ukaja ule ukame uliotangulia mvua za Elinino. Mifugo ya kila upande ikaja kwa injini yetu, hata watu ambao hatukujua lugha yao. Majani yakaisha yote karibu na kisima, likabaki vumbi jekundu na mizoga. Injini ikawa haizimwi. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikasimama.

Fundi wa injini alikuwa kijana wa pale pale. Aliifungua, akasema kuna kipuri kimevunjika, kipuri kidogo, kinapatikana Garissa. Wanaume wakatumwa kwa afisa wa maji. Wakaambiwa bosi yuko semina. Wakarudi tena, wakaambiwa karatasi ziko Nairobi. Hatimaye diwani mwenyewe akaleta lori na watu wa kubeba, akasema injini yote itakwenda kutengenezwa, itarudi kama mpya.

Nataka mjue jinsi ilivyoondoka. Ilikuwa nzito, watu wa lori hawakuiweza. Ni waume zetu walioisukuma. Walivua mashati, wakasema bismillahi, wakaipandisha kwa mabega yao wenyewe, na sisi wanawake tukapiga vigelegele.

Haikurudi.

Tukangoja. Hapo ndipo ningependa mtu wa dini anieleze, maana nimewauliza mashehe na hawanijibu vizuri. Kwetu kibla ni kaskazini. Tulisimama safu, tukaelekea kaskazini kama kawaida, lakini mtu akitoa salamu tu shingo inageuka kusini, kwenye barabara ya Garissa, kutazama kama kuna vumbi la lori. Kila swala. Hata swala ya kuomba mvua, iliyoswaliwa nje juani na nguo zimegeuzwa, nilimwona imamu mwenyewe akigeuza macho. Midomo ilikuwa ikimwita Mungu, na moyo ulikuwa unamwita diwani. Swala hiyo ilikuwa ya nani?

Yule jirani mwenye ngamia alimtuma mwanawe mkubwa akatazame malisho, kama zamani. Aliporudi, wakapakia, wakaenda. Mkewe alinijia kuniaga.

"Abaayo, dada yangu, twende," aliniambia. "Mtoto tutampandisha juu ya mikeka."

"Na ayeeyo? Miguu yake haiwezi."

Aliwatazama ngamia. Ngamia wake walikuwa wamejaa watoto wake na wazee wake. Ayeeyo akasema, "Nendeni na mtoto, niacheni mimi, nimeishi." Nikakataa. Mume wangu alikuwa Garissa, kwenye benchi la ofisi ya maji, na mtu alikuwa amekuja na habari kwamba injini iko njiani. Nikasema tungoje.

Injini ilikuwa wapi? Fundi alikwenda kuitafuta kwa miguu na kwa malori ya watu. Aliikuta inanguruma kwenye shamba la shemeji yake diwani, inavuta maji ya Tana kumwagilia vitunguu. Aliijua kwa kiraka alichokichomelea mwenyewe. Alipouliza, alifunguliwa mbwa wamfukuze.

Mwanangu alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Alikunywa yale maji ya kijani yaliyobaki chini ya hori pamoja na mbuzi, akaanza kuhara, na mtu anayehara anataka maji, na maji hayakuwepo. Alikuwa akiniuliza, "Hooyo, mama, lori limekuja?" Hakuniuliza kingine chochote. Mtoto wangu alikufa akimngojea diwani.

Tulipomaliza kumzika, ayeeyo aliniambia, "Sema alhamdulillahi." Sikuweza. Aliisema yeye, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, halafu akalia.

Diwani alikuja kutoa pole. Alileta sukari na majani ya chai.

"Ni kadari ya Allah, mama," alisema. "Tusimkufuru Mola."

Ayeeyo alikuwa amekaa mlangoni. "Kadari niliijua kabla mama yako hajakuzaa," akamwambia. "Allah ndiye aliyechukua roho. Na lori, aliyelileta ni nani?"

Diwani akatazama saa yake. Akasema ana mkutano.

Mwaka uliofuata mvua ikaja bila injini, bila afisa, bila kumwomba mtu. Ikaja mpaka ikawa balaa. Ikaua mbuzi waliobaki, ikapita juu ya makaburi, na sasa la mwanangu silijui lilipo. Ayeeyo akafa baadaye. Mume wangu yupo, lakini hasemi. Mimi naswali swala zote tano, kwa sababu nani mwingine amebaki? Nimejaribu nguvu za watu na akili zao, nikauona mwisho wake. Lakini msinidanganye kwamba nikimtegemea Mungu ndiyo ninyamaze. Mashehe wananiambia, mwachie Mungu. Nimemwachia Akhera yote. Hii dunia siwaachii wao.

Diwani bado yuko hai, ana nyumba ya ghorofa na anaitwa mzee wa amani. Afisa alipandishwa cheo. Shemeji bado analima. Nataka mmoja wao, yeyote, asimame kwenye baraza pale kisimani, mchana, sisi tukimtazama, aseme kwa mdomo wake: ni mimi niliyetoa amri ile injini ipelekwe shambani. Asiseme ukame. Asimtaje Mungu. Aseme mimi. Nani kati yenu watatu atasimama?