Mswaki Uliotaka Kiberiti

Naona haya kulisema hili. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji huku Garsen, watu huniita daktari, na kazi yangu mojawapo ni kuwakataza sigara. Kumbe mwenyewe nilikuwa navuta kwa kujificha.

Mwezi uliopita nikaamua kuacha. Kwenye duka la dawa nikapewa kibandiko cha kubandika mkononi, lakini kwa joto letu jasho lilikibandua kabla ya saa nne asubuhi. Chingamu ya dawa nayo ilinifanya nifanane na mbuzi anayecheua. Basi nikachagua mswaki wa mti, ukae mdomoni pale sigara ilipozoea kukaa.

Juzi barazani kwa chifu nilimsema Mzee Jilo mbele ya watu mpaka akanikabidhi pakiti yake ya sigara. Nikapigiwa makofi. Nikaketi kando yake kwa raha zangu, nikatia mswaki mdomoni, nikakinga upepo kwa kiganja, nikamwuliza, “Mzee, kiberiti unacho?”

Akawasha njiti, akausogezea mswaki mpaka ncha ikafuka moshi. Baraza zima likageuka kututazama.

“Vuta, daktari,” akasema kwa upole. “Usipovuta utazima.”