Nyota Pacha na Shimo la Mama Nkwabi

Darubini ya Mwasiti, fundi simu wa Masumbwe, ni ya mtumba, na mguu mmoja wa stendi yake umetoka kwenye spika iliyokufa. Simu huifunga kwenye lenzi ya kutazamia kwa mpira wa kubania nywele. Kwa zana hizo alishapiga picha ya galaksi ya Andromeda. Mumewe, Abdulhalim, aliitazama, akamshauri afute mafuta ya maandazi kwenye lenzi.

Mwaka huu alitaka Alfa Sentauri, nyota ya kusini ambayo kwa macho ni moja, kwenye darubini ni mbili. Mjini taa za baa zilimharibia anga, hivyo akaomba nafasi kwenye shamba la karanga la Justa, Mama Nkwabi. Ilimbidi awahi, kabla moshi wa kuchoma mashamba haujafunika kusini.

Jioni ya kwanza stendi ilitikisika, picha ikatoka na ukungu. Asubuhi, pale iliposimama palikuwa na shimo, na ndani yake Edson, mchimbaji wa dhahabu aliyetoka machimbo ya Rwamgasa.

"Dada, mashine imesoma nini hapa?"

"Inatazama nyota, Edson."

"Wenye mashine hamsemagi ukweli."

Mama Nkwabi aliokota karanga zake zilizong'olewa. "Mwasiti, hiyo mashine isikanyage tena hapa."

Mwasiti akafikiri kidogo. "Shikamoo kwanza, Mama Nkwabi. Kile choo kipya ulitaka kikae wapi?"

Jioni hiyo darubini ilisimama nyuma ya jiko la Mama Nkwabi, na Mwasiti akatikisa kichwa kama mtu aliyeona jambo kubwa. Kulipokucha Edson na wenzake walikuwa kazini. Mtu aliyezoea maduara, yale mashimo ya dhahabu, hachimbi ovyo: shimo lilishuka wima, kuta zimenyooka kama kabati.

"Inatosha, mwanangu," Mama Nkwabi akaita kutoka juu. "Panda ule."

"Na dhahabu?"

"Hiyo tutaiweka wenyewe, kila asubuhi."

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mwasiti akarudishiwa nafasi yake shambani.

Edson alimfuata huko jioni, amenuna, akaitazama stendi ikiyumba. "Hata kusimamisha hamjui." Akaifukia miguu yote udongoni, akashindilia kwa kisigino. Mwasiti akapiga picha: nukta mbili za manjano, moja kubwa kidogo, zimeachana waziwazi.

Mwasiti akaifungua simu, Edson akainama kwenye lenzi.

"Kwa hiyo dhahabu hakuna kabisa."

"Hakuna."

"Basi subiri, nisogeze jicho. Ile ndogo imenipotea."