Neno Nililolizungusha Milimani

Nakumbuka vizuri siku ile nilipoanza kutembea na neno moja la Kiingereza kinywani, mwanangu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami ni binti niliyemaliza darasa la saba, mjuaji kupita wazazi wangu. Zuberi, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa kijiji pale Kwai, alikuwa ameleta posa, na baba akaniachia mwenyewe nitoe jibu kabla ya Ijumaa.

Kaka yangu, karani huko Lushoto mjini, akaja na habari. Bwana mifugo alikuwa ameandika kwa Kiingereza taarifa ya watu wake, na mbele ya jina la Zuberi akaweka neno moja tu: staid. Kaka alinisomea huku anacheka. Maana yake hakuijua sawasawa, lakini kicheko chake nilikielewa, au nilidhani nimekielewa.

Kuuliza si ujinga, nikaenda kuuliza. Mwalimu wangu wa shule alifungua kamusi, akasema ni mtu aliyetulia, mwenye heshima zake, asiye na mbwembwe. Nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba Waingereza wenyewe mara nyingi hulitumia kumsema mtu aliyepooza, anayechosha kukaa naye. Mzee mmoja wa Magamba, aliyewahi kuwapikia wazungu, alisema mama mwenye nyumba aliwaita hivyo wageni wasiocheza dansi. Mimi dansi nilikuwa naipenda, nisikufiche. Katika maana zote hizo nikaokota ile iliyonitisha, nikamtuma shangazi akaseme hapana.

Bibi yangu alisikia akiwa anachambua maharage. Hakupandisha sauti.

"Mwe, mjukuu wangu. Neno umelizungusha milima yote. Mtu mwenyewe ulimwuliza nini?"

"Sikumwuliza kitu, bibi."

"Hata habari za ng'ombe wake?"

Bibi akarudi kwenye maharage yake.

Masika yalipokolea, ng'ombe mmoja wa kijiji, mwenye mimba, aliteleza kwenye tuta la shamba akanasa mtaroni. Watu wakajaa. Huyu anavuta mkia, yule anapiga kelele aletewe kamba, na mwenyekiti anaamrisha wote kwa pamoja. Ng'ombe katoa macho, anazidi kujiumiza. Zuberi akafika, akatuomba tunyamaze. Akakaa kwenye tope karibu na kichwa cha ng'ombe, akamsugua shingo, akisema naye kwa Kishambaa, polepole, mpaka sisi tuliosimama tukaona haya kwa haraka zetu. Mnyama alipoanza kupumua vizuri, ndipo akauchimbua mguu ulionasa, kwa mikono. Ng'ombe akainuka mwenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Nilimfuata bombani alipokuwa akinawa. Nikamwambia nilijibu vibaya, na kama moyo wake ungali kwangu, ningependa tuzungumze.

"Nimeshaposa kwingine, kule kijijini Mnazi, dada," akasema kwa upole. "Wamekubali."

Hilo "dada" lilinichoma. Akaniuliza niliogopa nini. Nikamweleza habari yote, neno, kamusi na wageni wasiocheza. Akacheka, na ndiyo mara yangu ya kwanza kukisikia kicheko chake.

"Mbona mimi nacheza," akasema. "Tena sana."

Majuto ni mjukuu, mwanangu, nami huyu wangu nimemlea mpaka amekuwa mtu mzima. Niliolewa kwingine, nikazaa, sina manung'uniko. Ila hadi leo, nikisikia ngoma harusini, hujiuliza Zuberi alikuwa anacheza vipi.

Basi shika hili. Ukiletewa neno juu ya mtu, liwe la Kiingereza au la kwetu, uliza maana yake, na uliza pia aliyelisema alikuwa anataka nini. Kisha nenda kwa mwenyewe kabla hujatoa jibu. Na wewe ukiitwa mtulivu kwa dharau, usijibadilishe ili ufurahishe watu. Siku ng'ombe akinasa mtaroni watakutafuta.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya sifa zake. Na akujalie wa kucheza naye.