Nilivyogeuka Mhunzi wa Noti pale Katesh

Watu wengi wanadhani niliondoka Katesh kwa sababu ya baridi ya Mlima Hanang, nami nimewaacha wadhani hivyo miaka yote, maana ukweli wenyewe nikiukumbuka najifunika uso hata nikiwa peke yangu. Nilifika huko enzi za Mwingereza, kijana asiyetulia, kutoka Tanga kwa gari moshi mpaka Moshi, kutoka Moshi mpaka Arusha, kutoka Arusha juu ya magunia ya chumvi kwenye lori lililokwama matopeni pale Magugu (tukalala hapo tukila mahindi ya kuchoma mpaka meno yakauma), na kutoka Babati nikatembea nyuma ya ng'ombe wa watu, na nilipouona ule mlima umesimama peke yake juu ya tambarare nikasema moyoni, hapa sasa nimefika, hapa nitaoa, nitazeeka, nitazikwa.

Nusura iwe kweli. Bwana Shabani, mfanyabiashara mwenye asili ya Kondoa, aliyekuwa na duka na hoteli ya chai, alinipa kazi ya ukarani wa kununua ng'ombe mnadani, kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari na nilimwambia kwamba Tanga nilikuwa benki. (Nilikuwa benki kweli. Sikusema nilikuwa upande gani wa benki.) Na kila asubuhi maziwa ya hoteli yaliletwa na Paulina, binti wa Kibarbaig aliyebatizwa, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kunicheka. Aliniambia Kiswahili changu cha Tanga ni kirefu kama njia ya kwenda Singida, mtu anaanza kusikiliza akiwa na njaa na hafiki. Nikampenda hapohapo.

Baba yake, Mzee Gidamis, hakuwa amebatizwa na hakuwa na haraka. Bwana Shabani alikwenda kwake kama mshenga, akarudi na jibu jema kuliko nilivyostahili: siku ya mnada nije niketi naye, ninywe naye pombe ya asali katika kibuyu kimoja, na nikishakunywa ndipo mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yaanze. Sikulala vizuri wiki ile kwa furaha. Kitu pekee nilichotakiwa kufanya mpaka siku hiyo kilikuwa kufunga mdomo.

Sasa, siku hizohizo zikaingia noti za bandia. Zilikuwa za shilingi ishirini, zenye kichwa cha mfalme, na zilikuwa nzuri hata ikasemekana benki ya Arusha yenyewe ilizipokea kwa mikono miwili, mpaka karani mmoja alipokuta noti mbili zina namba moja. Zilitoka wapi, hakuna aliyejua, kwa hiyo kila mtu alijua. Wengine walisema ni wafungwa wa Kitaliano wa wakati wa vita. Wengine wakasema kuna Mjerumani aliyefukuzwa akaacha mtambo umefukiwa shambani, na mtambo unaendelea kufanya kazi. Fundi cherehani wa barazani kwetu alishikilia kwamba ni Serikali yenyewe ilichapa nyingi kupita kiasi, sasa inaona haya.

Mimi nilikuwa nimeketi pale hotelini na chai yangu. Ningeweza kunywa chai. Lakini watu walikuwa wananitazama, karani wa benki, nami nikaichukua noti moja, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango, nikaanza kueleza karatasi ya pamba, wino unaopikwa, chapa inayokandamizwa mara nyingi, mambo niliyosoma katika gazeti lililofungiwa sabuni, na nilipoona hata Bwana Shabani ameacha kupima sukari nikamalizia hivi: "Si kazi ngumu. Nikipewa mtambo na wino, hata mimi nawafulia."

Wakacheka. Nikalipa chai, nikaenda zangu nikijiona mtu.

Kesho yake heshima ikaanza. Mfugaji mmoja kutoka upande wa Gehandu alinifungulia ngozi yenye noti iliyotafunwa na ndama, akaniuliza kwa upole kama naweza kuiungia sikio la mfalme. Mwingine aliniletea jembe lililopasuka, akaliweka mlangoni pangu, akaondoka. Halafu yakaja mashoka mawili na mkuki uliovunjika shingo. Nikadhani ni zawadi za harusi (nilisikia kila kabila lina desturi zake) na nikazipanga vizuri ukutani ili mkwe akipita azione.

Akapita, akaziona.

Siku ya mnada nilivaa koti, nikamwendea Mzee Gidamis alipokuwa ameketi na wazee wenzake juu ya ngozi karibu na boma la ng'ombe. Nikatoa shikamoo, wakaitikia wote. Kibuyu kikaanza kuzunguka. Kikafika kwa jirani yangu wa kulia, kikaniruka, kikaenda kwa jirani yangu wa kushoto. Nikadhani ni desturi pia. Kisha akaja mtu akaniwekea ya kwangu katika kopo la maharage, mbali kidogo, kama anavyowekewa mbwa wa kuheshimika.

Nikamwangalia Bwana Shabani. Bwana Shabani akaangalia viatu vyake.

"Mwanangu," Mzee Gidamis akasema, bila hasira hata kidogo, "mhunzi ni mtu wa maana. Mkuki wangu umefuliwa na mhunzi. Lakini hatunywi naye chombo kimoja, wala hatuoani naye. Ungetuambia mapema."

Nikamwambia mimi si mhunzi.

"Anayefua chuma ni mhunzi. Anayefua pesa tumwiteje?"

Hapo ndipo nilipolielewa lile jembe na yale mashoka yangu ya ukutani. Nikasimama, nikaanza kujitetea kwa sauti kwamba sijui kutengeneza noti, sijawahi kutengeneza noti, noti hizi hazikutoka kwangu, na kadiri nilivyokana ndivyo mnada ulivyonyamaza, mpaka ng'ombe wenyewe wakawa kama wanasikiliza, na sajini wa polisi, aliyekuwa mwisho kabisa wa uwanja, akaja akaniomba nirudie.

Aliniuliza mbele ya wote nilifanya kazi gani benki. Nikaona gereza upande huu, Paulina upande ule amesimama na kibuyu chake cha maziwa, na katikati ukweli.

"Nilikuwa napika chai, afande."

"Chai?"

"Na kufungua madirisha."

Kicheko kile sijakisikia tena mahali popote. Sajini hakucheka. Alitoa noti mbili mfukoni, akaniambia nichague ya bandia. Nikazipapasa, nikazinusa, nikaziinua kwenye mwanga kama hodari, nikachagua ya kushoto. Akasema zote mbili ni za bandia, na mtu mjinga kiasi hiki hawezi kuwa ndiye, nenda zako.

Unaweza usiamini, lakini nilifurahi. Nilikimbia kurudi kwa Mzee Gidamis nikiwa nimevikwa ujinga wangu kama nishani, nikamwambia umesikia mwenyewe, mzee, mimi si mhunzi.

"Nimesikia," akasema. "Mhunzi najua ananywea wapi. Mtu anayejisingizia uhunzi sijui nimweke wapi."

Akageukia wenzake wakaendelea na habari za malisho. Bwana Shabani akanishika mkono tukaondoka. Paulina alitukuta njiani, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Karani, kwa nini hukusema tu kwamba unapika chai?" akaniuliza. "Baba anaipenda sana chai, na kwetu hakuna anayejua kuipika."

Asubuhi iliyofuata niliwarudishia watu vyuma vyao, nikapanda lori la ngozi lililokuwa linakwenda Singida, nikakaa nikiutazama ule mlima mpaka vumbi lilipouficha. Sijarudi. Miaka kadhaa baadaye nilikutana Dodoma na dereva wa Katesh, nikamuuliza kama iliwahi kujulikana zile noti zilitoka wapi. Akasema ndiyo, jambo lilikwisha siku nyingi: alikuja nazo karani mmoja wa Tanga, na ushahidi ni kwamba alipoondoka tu, hazikuonekana tena. Akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamwambia natoka Songea, na kazi yangu ni kupika chai.